Neno Lililomshinda Randu

Jumatano ile, sokoni Malindi, Jedida Nduku alimkana mwanamume aliyempenda, na alimkana akiwa amesimama mbele yake.

Hakuwa amekusudia. Alikuwa akichagua nyanya, baba yake pembeni ameshika kikapu. Mzee Gerishom alikuwa mtunza stoo katika hoteli moja ya watalii, tena mzee wa kanisa. Alikuwa ameishi Pwani miaka kumi na mitano, lakini aliposema "nyumbani" bado alikuwa na maana ya Mbooni, huko Ukambani, alikomwacha mkewe na shamba. Jedida alimfuata Malindi alipomaliza chuo cha ualimu, akapata kazi katika shule ya msingi, akawa anampikia na kumfulia kama binti mwema.

Randu akatokea kati ya magunia ya vitunguu, tangazo la picha limekunjwa kwapani, na lile tabasamu lake ambalo Jedida alikuwa hajalizoea hata baada ya miezi mingi ya kuliona.

"Jedida! Jumamosi utakuja? Salmin amepata picha mpya."

Mzee Gerishom aligeuka taratibu. Alimtazama kijana kuanzia viatu hadi nywele.

"Ni nani huyu? Unamjua?"

Jedida aliitazama nyanya iliyokuwa mkononi mwake. Angeweza kusema ni mtu wa video, maana nusu ya mji ilimjua Randu kama mtu wa video. Lakini masikioni alikuwa bado na maneno ya baba yake ya wiki iliyopita, mezani: kwamba kijana mmoja wa Mbooni anayefanya kazi posta ameshatuma wazee, kwamba yeye Gerishom hakumsomesha mtoto ili aje kuolewa na watu wa hapa, watu wa kulala mchana na kunywa mnazi jioni.

"Simjui, baba," akasema. "Labda amenifananisha na mtu."

Tabasamu la Randu halikuondoka mara moja. Lilikawia, likawa halina mwenyewe.

"Ni kweli, mzee," akasema Randu. "Nimemfananisha. Niwie radhi, dada."

Akaenda zake. Neno lile "dada" ndilo lililomchoma Jedida zaidi. Angemtukana, ingekuwa nafuu. Yeye badala yake alimsaidia kusema uongo.

Alhamisi Jedida alikwenda maktaba ya mji, mahali walipozoea kukutana wakijifanya wanasoma. Randu hakuja. Ijumaa alikwenda tena, akakaa hadi mkutubi akaanza kufunga madirisha.

* * *

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Mzee Gerishom alivaa koti lake.

"Vaa viatu twende," akamwambia bintiye. "Nasikia huko kwa Salmin kuna picha ya vita vikuu vya pili. Unajua kaka yangu Simeon alichukuliwa jeshini akapelekwa Bama kupigana na Wajapani. Hakurudi, na hakuna aliyetuambia alivyokufa. Nataka nivione hivyo vita kwa macho yangu. Kiingereza kikiwa kigumu, wewe utanieleza."

"Baba, kichwa kinaniuma."

"Kitapoa njiani."

Ukumbi wa Salmin ulikuwa nyuma ya soko: benchi za mbao, mapazia meusi madirishani, televisheni kubwa juu ya meza na deki ya video chini yake. Kanda ile Salmin aliinunua pamoja na nyingine kutoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama, na kwa kuwa juu ya jalada kulikuwa na askari na gari moshi, aliandika kwenye tangazo: PICHA KALI YA VITA. Hakuwa ameitazama. Wala Randu hakuwa ameitazama.

Kazi ya Randu ilikuwa kusimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo hapo. Watu walimpenda kwa hilo kuliko picha zenyewe. Katika mikono yake wapiganaji wa Kichina walitukanana kama makuli wa Malindi. Jedida alimpendea hapo hapo, siku alipowaleta wanafunzi wake kuona picha ya usafi, Randu akakosea neno moja, Jedida akamsahihisha kutoka benchi la mbele, naye akainama kwa heshima na kusema, "Asante, mwalimu, endelea kunichunga."

Leo Randu alimwona alipoingia na baba yake. Akageuza uso, akashughulika na nyaya.

Picha ilianza na arusi. Bwana arusi alikuwa fundi cherehani katika mji mdogo wa Ulaya, na bibi arusi alikuwa na mguu mmoja mfupi, anachechemea. Watu walicheza uani, jirani wa ghorofani akicheza kuliko wote. Mteja akaja kudai suruali yake, na Randu akampa fundi maneno: "Nilikwambia Ijumaa, bwana. Sikukwambia Ijumaa gani!" Ukumbi ukavunjika mbavu. Hata Mzee Gerishom alitikisika mabega.

Kisha askari walibandika karatasi ukutani.

"Wasema," Randu akatafsiri, "kila Myahudi ashone nyota ya manjano kwenye nguo yake, ajulikane."

"Wayahudi?" mama mmoja akauliza kutoka gizani. "Wale wa kwenye Biblia?"

"Ndio hao, mama."

Wakamwona fundi ameinama taa ikiwaka, akimshonea binti yake mdogo nyota kwenye koti. Alishona kwa mishono midogo midogo ya kupendeza, kama anavyoshona fundi kazi anayotaka isifiwe. Hakuna aliyecheka tena. Watu walikuwa wanasubiri mizinga na ndege za kivita, na mizinga haikuja. Alikuja mwalimu akamwambia yule binti mdogo asirudi shule. Akaja muuza mkate akageukia pembeni. Akaja jirani wa ghorofani, yule aliyecheza arusini, akasimama dirishani na mkewe.

"Asema," Randu alisema, "asema: watu wale walituzoea mno. Watu wale hawakuwa wenzetu tangu mwanzo."

Akafunga dirisha. Na familia ilipokwisha kuondolewa, jirani huyo huyo akashuka ngazi, akaibeba cherehani akapanda nayo, uzi bado umo sindanoni.

Jedida aliwasikia watu wakivuta pumzi. Kando yake baba yake alikuwa ameinama mbele, viganja juu ya magoti.

Gari moshi. Mabehewa ya mizigo, watu wamejazwa ndani wamesimama. Kituo kisicho na jina. Ofisa mwenye glavu alikuwa akiwagawa watu kwa kidole: wenye nguvu kulia, wazee na wagonjwa na watoto kushoto, na upande wa kushoto, nyuma kabisa, kulikuwa na bomba kubwa likitoa moshi. Fundi akatumwa kulia. Mkewe anayechechemea akatumwa kushoto, amemshika mtoto mkono. Fundi akatoka kwenye mstari wake, anamkimbilia, anaita jina lake.

Ofisa akamwuliza mwanamke: huyu ni mtu wako?

Mwanamke akautazama moshi. Akamtazama mumewe. Akafumbua mdomo akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa.

Ukumbi ukasubiri tafsiri. Haikuja.

Randu alikuwa amesimama, kipaza sauti kimeshuka hadi usawa wa tumbo. Mwanga wa televisheni ulimpiga shavuni, na Jedida akaona shavu limelowa. Lilikuwa neno fupi tu na Randu alilijua. Kila mtu aliyewahi kwenda shule alilijua.

"Tafsiri, bwana!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Randu, vipi?" Salmin akauliza kutoka mlangoni.

Jedida akasimama.

"Unakwenda wapi?" Baba yake alimshika mkono.

"Kutafsiri, baba."

Alipita juu ya magoti ya watu, akamfikia Randu, akakichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake. Mkono wa Randu ulikuwa baridi. Jedida hakuuachia.

"Amesema, simjui mtu huyu," akasema, na sauti yake ikamrudia kutoka kwenye spika kubwa kama ya mtu mwingine. "Ni mumewe, lakini amesema hamjui, ili mumewe asije akapelekwa naye kule kwenye moshi, kuuawa. Ofisa amemsadiki. Amemrudisha mume upande wa kazi."

Kutoka hapo hadi mwisho Jedida ndiye aliyesema. Wanawake walipovuliwa nguo na kunyolewa vichwa, vijana wawili nyuma walicheka, kicheko kile cha aibu kinachomtoka mtu asiyejua afanye nini na uso wake. Jedida hakuwakemea. Alitafsiri tu kile ambacho mwanamke mmoja alimwambia mwenzake: "Dada, nishike mkono, machozi yananizuia kuona." Kicheko kikakatika. Picha ilipokwisha, fundi alikuwa anatembea peke yake kwenye barabara ndefu ya kijijini, vita vimekwisha, mkewe hayupo wala mtoto hayupo, na Jedida akabaki amesimama pale mbele ya watu wote akiwa amemshika Randu mkono.

* * *

Kwa kawaida picha ikiisha watu hukimbilia mlangoni. Siku ile walitoka mmoja mmoja, kama wanaotoka matangani. Salmin alikuwa akimwomba kila mtu radhi: "Wallahi mimi nilidhani ni ya vita." Mzee Gerishom alitoka bila kutazama nyuma.

Randu alichomoa waya wa deki, akauzungusha mkononi, akauzungusha tena.

"Asante kwa kunisaidia kazi," akasema. "Waweza kwenda. Baba yako angoja."

"Randu."

"Jumatano ulisema hunijui."

"Nilisema."

"Nikaenda nyumbani nikajiambia, si kitu, ni woga tu, mwanamke ana baba yake. Nilikuwa karibu kukusamehe, Jedida. Haki ya Mungu nilikuwa karibu. Halafu leo nakuja kusikia neno lile lile." Akauacha waya. "Yule mama alisema hivyo ili mumewe apate kuishi. Wewe ulisema ili nani aishi?"

Jedida alijaribu kutafuta jibu zuri, akaona kila jibu zuri ni la uongo.

"Mimi," akasema. "Ili mimi nisisumbuliwe. Hakuna aliyekuwa ananipeleka popote, Randu. Baba yangu alikuwa ameshika kikapu cha nyanya. Na hata hivyo nilikukana."

Randu alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na Jedida alitamani kuyafuta kwa kanga yake, lakini alijua hilo halijawa haki yake tena.

"Sijui nikwambieje," Randu akasema mwishowe. "Hasira imeisha, lakini bado naumia."

"Basi uumie ukitembea. Twende."

"Wapi?"

"Kwa baba. Yuko nje."

"Sasa hivi? Na hali tuliyo nayo?"

"Nikingoja mpaka nisiwe na hofu, nitakuwa bibi kizee. Twende, Randu. Kama hutaki kunishika mkono, usinishike, lakini simama karibu."

Randu hakumshika mkono. Alisimama karibu.

* * *

Nje jua lilikuwa kali, na mji ulikuwa ukiendelea na mambo yake. Muuza madafu alikuwa akikata dafu, watalii wawili wanene wamesimama wakinywa kwa mirija, nyuso zao nyekundu kwa jua. Mzee Gerishom alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta akiwatazama.

"Shikamoo, mzee," Randu akasema.

"Marahaba," Mzee Gerishom akajibu, maana ulimi wa miaka kumi na mitano Pwani ulimwahi, kisha akakunja uso kwa kujibu.

"Baba," Jedida akasema, "Jumatano uliniuliza kama namjua huyu, nikakudanganya. Namjua. Anaitwa Randu, kwao ni Ganda, na tunapendana tangu Pasaka. Nataka anioe. Kijana wa Mbooni simtaki, na nilipaswa kukuambia siku ile wazee walipokuja."

Mzee Gerishom alionyesha kwa kidevu wale watalii.

"Wale ni Wajerumani," akasema. "Wanakaa kwetu hotelini. Kila asubuhi natoa mataulo yao. Yule bibi huniletea peremende, ananiuliza habari za mama yako. Watu wazuri. Sasa nimekaa mle ndani nikijiuliza, ni akina nani waliofanya yale? Watu wa namna gani?" Akapangusa paji la uso. "Nilikuja kumtafuta Simeon. Nilitaka nione alikofia. Hata Bama yenyewe haikuonyeshwa."

"Pole, baba."

"Usinipe pole. Umenitia aibu mbele ya mji mzima. Mwalimu, binti wa mzee wa kanisa, unasimama kwenye video umemshika mwanamume. Tena watu hawa..."

"Sema tu, baba. Malizia."

"Watu hawa unawajua. Sitaki kusema mbele yake."

"Husemi mbele yake kwa sababu ni neno baya." Jedida alimsogelea hatua moja. "Leo tumeyasikia maneno hayo mle ndani, baba, na Randu ndiye aliyeyatafsiri. Watu wale. Watu hawa. Hawakuwa wenzetu."

Mzee Gerishom alinyoosha mgongo. "Unanifananisha mimi na wale askari? Mimi, baba yako?"

"La, baba, Mungu anisamehe kama nitafanya hivyo. Waliokufa wale waliuawa, na sisi hapa tumeshiba, hakuna anayetuwinda. Sifananishi kifo chao na arusi yangu. Nakuambia habari za yule jirani wa ghorofani. Yeye hakumpiga mtu hata kofi. Alifunga dirisha tu. Jumatano mimi nilikuwa yule jirani. Sitaki kuwa yeye tena, na sitaki wewe uwe yeye."

Randu akasema kwa upole, "Jedida, inatosha. Mzee ameumia."

"Wewe usinitetee!" Mzee Gerishom akamgeukia. Kisha akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akaona macho yale mekundu. "Ulilia nini mle ndani? Mwanamume mzima."

"Nilimlilia yule mama, mzee," Randu akasema. "Na nilijililia mwenyewe kidogo."

Mzee Gerishom alimtazama bintiye, akamtazama yule kijana, akatazama wale Wajerumani wakirudisha maganda ya madafu kwa adabu.

"Mimi naenda nyumbani," akasema. "Sijakubali."

"Najua, baba. Lakini kesho baada ya ibada nakwenda Ganda kumwamkia mama yake. Sitaki usikie kwa watu, ndiyo maana nakuambia."

"Nikikukataza?"

"Nitakwenda, halafu nitarudi nikupikie. Ukifunga mlango nitagonga mpaka ufungue."

Mzee akaondoka, mikono nyuma, koti limemlegea mabegani. Jedida alimtazama hadi alipokata kona. Hapo ndipo Randu alipomshika mkono.

* * *

Walikwenda Ganda kwa baiskeli, Jedida amekaa nyuma na gauni lake la kanisani. Mama yake Randu, ambaye kila mtu alimwita Mama Dena kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa uani akimenya mihogo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kisu chepesi. Aliitikia shikamoo ya Jedida bila kuinuka.

"Mbara," akasema.

"Mkamba, mama. Kwetu Mbooni."

"Ndiyo hiyo hiyo." Kisu kilipita muhogoni. "Dena wangu alichukuliwa na mwanamke wa bara. Wako Thika. Nina mjukuu wa miaka minne, sijamshika hata siku moja. Kila nikiuliza, watakuja Krismasi. Krismasi ipi, hawasemi. Sasa Randu naye ameniletea mwingine. Nikufurahie kwa lipi? Ninyi watu wa bara mkija mwachukua, mwaondoka."

"Mama," Randu akaanza.

"Wewe nyamaza. Nasema na mgeni."

Njia nzima Jedida alikuwa amejiandaa kwa adabu: kupiga magoti, kuinamisha macho, kusema ndiyo mama. Lakini tangu jana kulikuwa na kitu ndani yake kilichokuwa kimesimama, na kilikataa kukaa.

"Mama, nakupa pole ya mjukuu," akasema. "Ni uchungu, na una haki. Lakini Dena alichukuliwa na mtu mwingine. Mimi naitwa Jedida. Usinilipize ya mke wa Dena, simjui hata kwa sura. Kama mimi nitakukosea, unihukumu kwa langu."

Kisu kikasimama. Randu alifumba macho.

"Una ulimi," Mama Dena akasema.

"Nafundisha darasa la nne, mama. Wako hamsini."

Mama Dena alimtazama, kisha akatoa sauti fulani puani, na Jedida hakujua kama ni kicheko.

"Baba yako ajua uko hapa?"

"Anajua. Hajakubali."

"Na mimi sijakubali."

"Sawa, mama. Nitakuja tena Jumapili ijayo."

"Utakuja kufanya nini, na hakuna aliyekukubali?"

"Kukuzoea. Na wewe unizoee. Ukinikataa baada ya hapo, angalau utakuwa unamkataa mtu unayemjua."

Kuku walikuwa wakichakura chini ya mnazi. Mama Dena aligeuza kisu mkononi, akamnyooshea Jedida mpini.

"Kaa basi, usinisimamie kama askari wa mkoa. Mihogo haijimenyi. Nione hiyo mikono ya chaki."

Jedida akakaa chini na gauni lake la kanisani. Ganda la muhogo wa kwanza lilitoka nene, na nusu ya muhogo ikaondoka nalo. Mama Dena akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, akasogea karibu, akamwelekeza kidole gumba mahali pa kukaa.

* * *

Aliporudi Malindi jua lilikuwa halijatua. Mlango haukuwa umefungwa. Mzee Gerishom alikuwa amekaa barazani, Biblia imefungwa magotini, na alionekana hakuifungua tangu atoke ibadani.

"Umerudi."

"Nimerudi, baba. Mama Dena amekupa mihogo."

"Nani?"

"Mama yake Randu."

Mzee aliitazama ile mihogo ndani ya kikapu, akachukua mmoja, akauvunja ncha kuona kama ni mzuri, kama alivyokuwa akifanya shambani kwake.

"Jana sikulala," akasema. "Kila nikifumba macho namwona yule fundi akishona ile nyota. Anaishona vizuri. Kwa nini anaishona vizuri, Jedida?"

"Ilikuwa nguo ya mtoto wake, baba."

Mzee Gerishom akainamisha kichwa. Jedida aliona mabega ya baba yake yakitikisika, akachuchumaa mbele yake, akaweka mikono juu ya magoti yake.

"Wazee wa Mbooni wanarudi mwezi ujao kutaka jibu," mzee akasema, akipangusa uso kwa kiganja. "Utawaambia nini?"

"Nilichokuambia wewe."

"Mbele ya wote? Na mjomba wako akiwapo?"

"Mbele ya wote."

"Mimi sitakusemea. Mimi ni baba yako, na sijaona bado wema wa jambo hili." Akaurudisha muhogo kikapuni. "Lakini sitamwacha mtu akukatize ukisema. Utasema mpaka umalize. Hilo nakuahidi."

Jedida aliinuka kabla hajalia, akaenda jikoni kuwasha jiko.

Kesho yake, saa ya mapumziko ya mchana, alitoka shuleni akapita katikati ya soko hadi kwa Salmin. Randu alikuwa mlangoni akipigilia misumari kwenye benchi lililovunjika, na Salmin amekaa na jirani zake wawili wakinywa kahawa. Wote wakainua macho.

"Randu," Jedida akasema, bila kushusha sauti, "mwezi ujao tuna wageni kutoka Mbooni. Mwambie mama atafute wazee wenu. Mje siku hiyo hiyo."

Msumari ulimdondoka Randu mdomoni. "Siku hiyo hiyo? Wote pamoja?"

"Wote pamoja. Watakaa upande mmoja, na ninyi upande wa pili, na mimi nitakuwa katikati."

"Jedida, watatupiga!"

"Watachoka."

Salmin akaweka kikombe chini, akaanza kucheka, na jirani zake nao wakacheka. Randu hakucheka. Alikuwa anamtazama Jedida, na lile tabasamu lilikuwa linaanza kurudi polepole, upande mmoja kwanza.

"Nije nimevaa nini?" akauliza.

"Shati jeupe," Jedida akasema. "Na ule mdomo wako wa kipaza sauti uje nao. Kuna mambo mengi ya kutafsiri."

Kisha akageuka kurudi shuleni, maana kengele ilikuwa karibu kulia.